Somo: Roboti inapangaje njia, na inajifunzaje? Anza na karatasi, kompyuta baadaye

Mbukwenyi, ndugu zangu. Vijana wengi wanaoingia kwenye akili mnemba wananakili programu kutoka intaneti, wanaiwasha, roboti kwenye skrini inafika inakokwenda, na wanaamini wameelewa. Ukimuuliza mmoja wao kwa nini roboti iligeukia pale na si kwingine, hana jibu. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu jibu lenyewe halihitaji kompyuta. Linahitaji karatasi ya hesabu yenye miraba, penseli, kizibo cha soda na dadu. Hata umeme ukikatika, somo linaendelea.

Hatua ya 1: Chora shamba

Chora miraba mitano kwa mitano. Safu wima ziite A hadi E, mistari iite 1 hadi 5 kuanzia chini. Hili ni shamba la zabibu, tuseme la Hombolo, Dodoma. Roboti, yaani kizibo chako, inaanzia A3. Kreti za zabibu zinapokelewa E3. Miraba ya C2, C3 na C4 ipake penseli: hapo kuna mizabibu iliyofungwa kwenye waya, hapapitiki. Roboti inakwenda juu, chini, kulia au kushoto, mraba mmoja kwa kila hatua.

Hatua ya 2: Panga njia ukiwa na ramani

Hapa tunatumia kanuni ya A*, isomwe "A nyota". Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael waliichapisha mwaka 1968. Walikuwa Stanford Research Institute, California, wakishughulika na roboti iliyoitwa Shakey, ambayo ilitembea ndani ya vyumba na kusukuma maboksi ikifuata mpango iliyojitungia yenyewe.

Kwa kila mraba andika namba mbili. Ya kwanza, g, ni hatua ulizokwisha kutembea. Ya pili, h, ni makisio ya hatua zilizobaki: hesabu miraba ya mlalo na ya wima hadi E3, kana kwamba mizabibu haipo. Zijumlishe upate f. Halafu kila mara endelea na mraba wenye f ndogo kuliko yote uliyokwisha kuihesabu lakini hujaiendeleza, hata kama uko nyuma yako.

Mraba wa A3 una g 0 na h 4, kwa hiyo f ni 4. B3 una 1 na 3, bado 4. Mbele kuna waya. Ukipanda B4, g ni 2, h inarudi kuwa 4, f inakuwa 6. B5 inakupa 3 na 5, yaani 8. Kuanzia hapo, C5, D5, D4, D3 hadi E3, f inabaki 8 tu. Njia fupi kabisa ina hatua nane.

Tazama vizuri namba hizo. Kila hatua ya kuelekea lengo inaiacha f ilivyo, na kila hatua ya kulikimbia inaiongeza 2. Kwa hiyo f ni gharama ya chini kabisa ya safari nzima ukipitia mraba huo, kwa kadiri unavyojua hadi sasa. Roboti haiachi njia inayoonekana rahisi mpaka ilazimike. Ukilishika hilo umeishika A* yote, na programu utakayoiandika kesho itakuwa kazi ya kunakili mawazo yako mwenyewe.

Hatua ya 3: Jifunze bila ramani

Sasa roboti haijui waya uko wapi wala lengo liko wapi. Inajua tu kwamba ikifika E3 inapata tuzo ya 10, kwingine kote 0. Ikigonga waya au mpaka wa shamba, inabaki ilipo. Tunatumia kanuni ya Q, yaani ya kujifunza kwa kujaribu na kutuzwa, aliyoitoa Chris Watkins mwaka 1989.

Kila mraba una namba nne, moja kwa kila upande wa kwenda. Zote zianze na 0. Kabla ya kila hatua rusha dadu. Ikitoka 6, roboti ijaribu upande wowote, hata kama inaujua mzuri. Isipotoka 6, ifuate upande wenye namba kubwa. Zikilingana, dadu iamue tena. Baada ya hatua, rekebisha namba ya upande ulioutumia hivi: chukua tuzo uliyopata, ongeza 0.9 mara namba kubwa ya mraba uliofikia, kisha namba ya zamani isogeze nusu ya njia kuelekea jibu hilo. Ukifika E3 safari imekwisha, rudi A3.

Safari ya kwanza ni ya kuhangaika. Mwishoni hatua ya D3 kwenda E3 inapata 5. Safari ya pili, ukipitia D4, hatua ya kushuka D3 inapata nusu ya 4.5, yaani 2.25, na ile ya mwisho inapanda hadi 7.5. Safari ya tatu, D5 inapata kama 1. Maarifa yanarudi nyuma kutoka kwenye lengo, mraba mmoja kwa kila safari. Hata ukishika njia ileile ya hatua nane bila kuyumba, A3 inapata namba yake ya kwanza katika safari ya nane. Ndiyo maana kujifunza kwa namna hii kunataka majaribio mengi mno, na ndiyo maana watafiti huanzia kwenye kompyuta kabla ya kuigusa roboti yenye motor na betri.

Ile 0.9 inafanya njia ndefu iwe na thamani ndogo. Ukiweka 1, roboti haitakuwa na sababu ya kupenda njia fupi.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Mwanachama wa Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Nimezidisha h mara tatu kwenye shamba kubwa. Imefika haraka lakini njia imekuwa ndefu. Nimekosea wapi?

Marahaba mwanangu. Hujakosea hesabu, umeuza uhakika ukanunua kasi. A* inahakikisha njia fupi pale tu h isipozidi hatua za kweli zilizobaki. Kwa shamba kubwa watu hufanya hivyo kwa makusudi, ilimradi wajue walichokitoa.

Mwanachama wa Ipagala: Mwalimu, niliona tuzo moja ya mwisho haitoshi, nikaipa roboti tuzo kidogo kila inaposogea karibu na lengo. Sasa inazunguka tu, haifiki!

Dada, yaliwakuta watafiti Randløv na Alstrøm wa Copenhagen mwaka 1998. Baiskeli yao ya kwenye kompyuta ilituzwa kwa kulisogelea lengo na haikuadhibiwa kwa kuliacha, ikawa inaendeshwa kwa duara ikivuna tuzo. Ukitoa tuzo kwa kusogea, toa adhabu ya kiasi hichohicho kwa kurudi nyuma.

Mwanafunzi, Ng'ong'ona: Sasa kaka, kipi bora, kupanga au kujifunza?

Ukiwa na ramani ya kuaminika, panga. Huna, jifunze. Lakini kazi kubwa za siku hizi huviunganisha. AlphaGo, programu ya kucheza mchezo wa ubao uitwao Go, iliyomshinda bingwa Lee Sedol michezo 4 kwa 1 huko Seoul mwaka 2016, ilijifunza kuutathmini mchezo, kisha ikapanga kwa kutafuta mbele hatua kwa hatua.

Fundi kutoka Majengo: Nimeunda roboti ya kweli. Ndani ya nyumba inaona vizuri, nje mchana inagonga kila kitu. Tena kwenye vumbi inapotea.

Fundi, kihisi chako bila shaka ni cha infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Jua letu nalo linamwaga infraredi, linaifunika ishara. Weka cha ultrasoniki, kinachotumia mawimbi ya sauti. Kuhusu vumbi, gurudumu likiteleza unahesabu mzunguko ambao haukusogeza kitu. Lete hali hiyo kwenye karatasi: baada ya kuchagua upande, rusha dadu nyingine, na ikitoka 1 roboti ibaki ilipo. Namba zitaanza kuyumbayumba. Ili zitulie, badala ya kusogeza nusu ya njia, sogeza sehemu moja ya kumi.