Loki za boneti kwa gari la kujiundia: kuchagua na kufunga zisikuachie ukiwa kwenye mwendo

Gari la kiwandani boneti yake inashikwa mara mbili, kuna ile loki inayoachia ukivuta kebo ndani ya gari, alafu kuna kile kindoano cha pili ambacho lazima uingize vidole chini ya boneti ukisukume ndo ifunguke. Kindoano hicho hakijawekwa bure, Marekani kwa mfano kanuni ya usalama FMVSS 113 inadai kabisa kwamba boneti inayofungukia kwa mbele na inayoweza kumziba dereva asione njia iwe na hatua ya pili ya kushika. Sasa kwenye gari la kujiundia, yani lile unaletewa bodi ya faiba na chesisi alafu unaunganisha mwenyewe, mara nyingi boneti inakuja tupu na kazi ya kuishikilia ni yako. Watu wanatumia wiki nzima kuhangaika na rangi alafu loki wanazifunga jioni moja, na mi naona hapo ndo pa kutulia kuliko sehemu zote za bodi.

Kabla hujanunua chochote angalia bawaba ziko upande gani. Kama ziko mbele na boneti inalalia mbele ikifunguliwa, una nafuu, manake upepo wa mwendo unaigandamiza chini hata loki ikiachia, itatikisika na kupiga kelele ila huwezi kuikuta usoni. Kama bawaba ziko karibu na kioo cha mbele mambo yanabadilika, upepo ukipata upenyo kwenye ncha unainyanyua yote na kuibamiza kwenye kioo, huoni mbele na uko kasi. Na kama boneti haina bawaba, ni ya kunyanyua na kuweka pembeni, basi weka sehemu nne za kushika, sababu ikichomoka inaruka na anayekufuata ndo anaipokea.

Nguvu yenyewe siyo ndogo. Kwenye kilomita 120 kwa saa msukumo wa hewa unafika kama paskali 680, sawa na uzito wa kilo 69 hivi kwa kila mita moja ya mraba, ukiwa kwenye 60 ni kama kilo 17 tu, manake mwendo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Siyo yote inainyanyua boneti, lakini hewa inaingia kupitia grili inajaa kwenye nafasi ya injini na kusukuma juu huku hewa inayopita nje inavuta, na boneti ya faiba ni nyepesi, haina uzito wa kujitetea.

Haya, aina za loki. Pini zenye klipu (pini inasimama upande wa chesisi, inapita kwenye tundu la boneti na klipu inaizuia kwa juu) ni rahisi na zinashika vizuri sana, ubaya wake klipu inapotea (ifunge na kikamba cha waya) na mtu yeyote anafungua, betri inaondoka. Pia pini inachomoza juu, na ukaguzi wa nchi nyingine hautaki, Uingereza kwenye ukaguzi wa IVA (ule wa kuidhinisha gari moja moja) kingo za vitu vinavyojitokeza nje ya bodi zinatakiwa ziwe za duara, kwa kawaida nusu kipenyo kisipungue milimita 2.5. Loki za kulala bapa kama Aerocatch ni pini ileile ila inashikwa na kitasa kilichozama kwenye boneti, zipo za ufunguo na zisizo na ufunguo, zinapendeza ila zinataka sehemu iliyonyooka, kwenye boneti iliyojipinda sana hazikai sawa. Skrubu za robo mzunguko aina ya Dzus ni nzuri kwa paneli ndogo au boneti ya kunyanyua, siyo kwa boneti unayofungua kila siku. Ndoano za raba za kuvuta pembeni zinavumilia mtikisiko ila raba inazeeka na jua inapasuka, kwa hiyo zitumie kama msaidizi tu. Alafu kuna loki ya gari la kawaida yenye kebo, ukiitoa kwenye lile gari ulilochukulia injini chukua na kindoano chake cha pili, kwa boneti ya bawaba za nyuma mi ningechagua hiyo alafu niongeze pini mbili kwenye kona za mbele.

Sasa sehemu ya maana, faiba yenyewe. Loki inaweza kuwa ya chuma kizuri kabisa lakini kama imeshikwa na faiba ya milimita 3 tupu, tundu litapanuka taratibu kwa mtikisiko mpaka bolti ipite na kipande cha boneti. Kwa hiyo kwa ndani sugua na msasa mkali mpaka utoe mng'ao wote, futa vumbi na mafuta, ongeza matabaka mawili matatu ya mkeka wa faiba na resini, alafu juu yake gundisha kwa gundi ya epoksi bamba la alumini la milimita 2 lililo pana kuliko loki kila upande, kona zake uzizungushe zisiwe kali manake kona kali ndo inaanzisha ufa. Upande wa chesisi hivohivo, pini isimame kwenye bracketi ya chuma iliyofungwa kwenye chesisi yenyewe, siyo kwenye faiba nyingine.

Kupata mahali pa kutoboa usikisie kwa macho. Simamisha pini mahali pake, paka rangi kidogo kwenye ncha au bandika udongo wa kuchezea watoto, shusha boneti taratibu ikae sawa na nafasi za pembeni ziwe zinalingana, nyanyua, alama unayo. Bandika tepu ya karatasi juu, anza na tundu dogo la milimita 3 ukitokea upande wa rangi ili jelikoti (lile tabaka la juu linalong'aa la faiba) isimeguke, weka ubao nyuma, drili iwe kali na usiisukume. Tundu kubwa la duara, zungusha msumeno kinyumenyume kwanza mpaka ukate jelikoti ndo uende mbele. Na vaa barakoa, vumbi la faiba siyo la kuvuta hata kidogo.

Funga kwa bolti na washa pana (vile visahani vya chuma vyenye tundu) na nati zenye nailoni ndani, kaza kwa kiasi manake faiba ukiibana sana inapondeka. Bolti za stenilesi zikikutana na alumini kwenye unyevu alumini inaliwa, paka grisi katikati. Weka raba za kukalia boneti pande zote, na vishikizo viwili vya kuizuia isihame kushoto na kulia, sababu loki kazi yake ni kuvuta chini tu, ukiiachia ishike na mpangilio wa boneti itachakaa haraka. Urefu wa pini urekebishe mpaka loki ikifunga raba zinaminyika kidogo na boneti haichezi ukiisukuma na kiganja, kama unatumia nguvu nyingi kufunga pini umeishusha mno.

Ukimaliza, vuta boneti juu kwa mikono miwili kwenye kila kona. Bandika vipande vya tepu vikipita kati ya boneti na bodi, endesha kwa mwendo mdogo sehemu isiyo na watu, simama uangalie kama tepu imejikunja au imechanika, alafu ongeza mwendo kidogokidogo na kila mara uangalie tena. Baada ya siku chache za kuendesha rudia kukaza nati zote. Kama umetumia kebo, funga na ya pili kwenye loki hiyohiyo uifiche sehemu unayoifikia kutoka chini ya gari, ya kwanza ikikatika unafungua bila kukata boneti.