Kuinstoli OpenMediaVault kwenye kompyuta ya mtumba, picha za familia zibaki salama

Hapa Sakina, Arusha, seva yetu ni kompyuta ya mezani ya mtumba tu, RAM gigabaiti 4, imekaa chini ya meza ya tivii na kazi yake ni kutunza picha na video za familia ili simu zisijae. Nimeweka OpenMediaVault, mfumo unaogeuza kompyuta kuwa stoo ya mafaili ya nyumba nzima, ni ya bure, imejengwa juu ya Debian (aina ya Linux), na wenyewe wanasema hata RAM gigabaiti 1 inatosha kuanzia, kwahiyo usikubali mtu akuuzie mashine mpya.

Kuinstoli kwenyewe sio ishu. Kinachotesa watu ni faili. Mimi mara ya kwanza nilishusha ISO (lile faili la insitola) kwa bando la usiku, mvua inapiga, mtandao unakuja unapotea, asubuhi nakuta faili lipo nikafurahi, kumbe limefika nusu, nikachoma kwenye flashi, insitola inafika katikati inagoma, nikaanza kulaumu diski, nikabadilisha waya, nikachomoa RAM nikaifuta na kifutio cha penseli, jioni nzima imeenda. Siku hizi faili likiisha kushuka nafungua CMD kwenye Windows naandika

certutil -hashfile jina_la_faili.iso SHA256

inakupa mkia mrefu wa herufi na namba, kaubandike kwenye Notepad, chini yake bandika ule walioweka pale unaposhushia faili. Vikitofautiana hata herufi moja, futa ushushe upya, usibishane nalo.

Kuchoma hiyo ISO kwenye flashi tumia programu ya Rufus. Kukopi faili na kulidondosha kwenye flashi haisaidii, haitabuti. Kila kitu kwenye flashi kinafutika, alafu ikigoma kubuti rudia kwa modi ya DD. Baada ya hapo Windows inaweza kukwambia flashi inataka kufomatiwa, we kataa, iko sawa.

Sasa hapa machalii ndo wanalia: kabla hujawasha, fungua kasha uchomoe waya wa diski yenye picha, acha ile moja tu unayoinstolia. Insitola inafuta diski nzima, haigawani na Windows wala na picha za komunyo za watoto, na sda na sdb, majina ambayo insitola inazipa diski, saa tano usiku zinafanana sana. Diski ya mfumo iwe ndogo tu, SSD ya gigabaiti 120 inatosha na kubaki, maana hiyo hutaitumia kuhifadhia mafaili.

Chomeka waya wa mtandao kutoka kwenye ruta. Ukiwasha gonga F12 kwa Dell na Lenovo, HP nyingi ni F9, chagua flashi. Lugha weka Kiingereza, nchi nenda Other, Africa, Tanzania, ili saa isome ya kwetu. Paswedi ya root (yule mkubwa wa mfumo) iandike kwenye daftari, sio kichwani. Ikiuliza mira (seva ya kushushia programu) chagua deb.debian.org. Ikimaliza chomoa flashi, isije ikaanza upya.

Skrini itaonyesha anwani kama 192.168.1.20, iandike kwenye brauza ya simu au laptop iliyo kwenye ruta hiyohiyo, jina admin, paswedi openmediavault, na hiyo paswedi ibadilishe hapohapo. Zima, rudisha waya wa ile diski, washa. Angalia vizuri: kuifomati (kuifuta yote) na kuimaunti (kuifungua itumike kama ilivyo) ni vitu viwili, kama ina picha tayari unaimaunti tu, ukigusa fomati umeagana nazo. Kisha tengeneza folda ya kushea, washa SMB, njia ya kushea mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, uiongeze folda hiyo humo, na simu zilizo kwenye ruta hiyo zitaifungua kwa app ya mafaili inayosoma SMB.

Kimoja nilikisahau mwezi mzima: ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta yenyewe kabla mfumo haujawaka) utafute sehemu ya umeme ukirudi baada ya kukatika, mara nyingi imeandikwa AC Recovery au After Power Loss, weka Power On, la sivyo utakuwa unapigiwa simu ukiwa kazini Njiro, "baba nanii, picha hazifunguki".