Fomu wani wamefika, namna ya kuwazoesha maktaba bila kuwatisha

Kila Januari ni yaleyale. Madogo wa fomu wani wanaingia na sare zinazowapwaya, wanazungushwa shule nzima, hapa ofisi ya mkuu, pale jikoni, kule vyoo, wakifika maktaba mwalimu anasimama mlangoni anasema hii ndo maktaba, humu hakuna kuongea, hakuna kula, hakuna kuingia na begi, ukipoteza kitabu unalipa, basi wanageuzwa wanapelekwa maabara. Ikifika mwezi wa sita tunakaa stafu tunalalamika watoto wa siku hizi hawasomi.

Mi ni mwalimu wa Jiografia, maktaba nilibebeshwa tu baada ya aliyekuwepo kuhama. Mwaka wa kwanza niliwapa lekcha ya dakika arobaini, ubao umejaa namba, nikauliza kuna swali, kimya, hata kikohozi hakuna. Wiki mbili baadae daftari la kuazima lina majina manne na mawili ni ya viranja. Basi saivi nafanya hivi.

Kwanza usiingize mkondo mzima. Watoto sitini kwenye chumba cha viti ishirini, wa nyuma ataona migongo ya wenzake tu. Gawa kumi kumi, kila kundi lipewe viranja wa maktaba wawili wa fomu thrii, wewe kaa pembeni sahihisha madaftari yako. Kuna vitu dogo anamuuliza kaka au dada wa fomu thrii ambavyo kwako hathubutu. Ila viranja uwaandae, maana kuna mwingine akipewa cheo anakuwa mkali kuliko mwalimu wa zamu.

Pili, na hapa ndo penyewe, kabla hawajaingia kila mmoja aandike kwenye kikaratasi kitu kimoja anachotaka kujua yeye, sio cha silabasi, na aandike kwa Kiswahili. Wengi wametoka la saba kwa Kiswahili, ukiwalazimisha Kiingereza utapata "What is geography" mara hamsini. Mi nimeshapata kwanini mwezi unanifuata nikiwa kwenye gari, nimepata nani alichora mpaka wetu na Kenya, nimepata kwanini kuku wa bibi wanakufa wote kwa mpigo. Mtoto akiwa na swali lake mkononi maktaba inakuwa na sababu.

Sasa namba za mgongoni mwa vitabu. Usianze na historia ya Dewey, yaani mpango wa kupanga vitabu kwa namba, anza na mtaani kwao. Waulize nani anakumbuka 2022 walivyopita kubandika namba za nyumba, mikono yote juu. Waambie na kitabu kina anwani, tarakimu ya kwanza ni mtaa, zinazofuata ni nyumba. Mtaa wa 500 ni sayansi, 600 ni mambo ya kufanya kwa mikono na akili kama udaktari, kilimo na mapishi, 900 ni historia na jiografia. Inatosha kwa siku ya kwanza, yote kumi ya nini? Mwenye swali la mwezi aende 523.3, wa mpaka aende 967.8 ndo historia ya Tanzania, wa kuku wa bibi 636.5 akasome kuhusu kideri. Waache watafute wenyewe. Watapotea, waache wapotee kidogo, kiranja asikimbilie kuwashika mkono.

Watakapokwama wote ni kwenye nukta. Mbuzi ni 636.39, kuku ni 636.5, mtoto anaona thelathini na tisa ni kubwa kuliko tano kwahiyo anatafuta mbuzi baada ya kuku, hawaoni, anarudi kusema mwalimu hakuna. Mwonyeshe kwamba baada ya nukta tunasoma tarakimu mojamoja kama herufi kwenye kamusi, 3 inatangulia 5, biashara imeisha, haijalishi nyuma ya hiyo 3 kuna nini. Nikitumia kamusi wanaelewa haraka, nikitumia neno desimali wananikumbuka kama mwalimu wa hesabu na nyuso zinabadilika.

Kingine kinachowachanganya ni Kiswahili kukaa sehemu mbili. Sarufi iko 496.392, ila riwaya na mashairi yako 896.392, rafu nyingine kabisa. Na kuna siku mtoto atauliza kwanini Ukristo umejaza karibu mtaa wote wa 200 halafu Uislamu umewekwa kwenye 297 tu. Usimkwepe. Mwambie aliyetunga mpango huu alikuwa Mmarekani, Melvil Dewey, mwaka 1876, akagawa nafasi kwa kadri ya dunia aliyoijua yeye, ndo maana hata fasihi za lugha za Afrika karibu zote zimebananishwa kwenye 896 wakati Kiingereza kina 820 nzima. Mi hilo swali nalipenda kuliko yote.

Akishapata kitabu kazi haijaisha, maana atafungua ukurasa wa kwanza aanze kusoma kama hadithi. Mfundishe yaliyomo yako mbele, faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake, iko nyuma, na faharasa ndo ya kukimbilia. Vitabu vyenyewe vingi ni vya Kiingereza kwahiyo weka kamusi mbili tatu za Kiingereza na Kiswahili juu ya meza, sio kwenye kabati la kufuli, atafute kwanza kuku anaitwaje huko.

Halafu wasitoke mikono mitupu. Siku hiyohiyo kila mmoja aandikwe kwenye daftari la kuazima, jina, mkondo, namba ya kitabu, tarehe ya kurudisha, agongewe muhuri aondoke nacho. Najua utasema vitabu vitapotea. Vitapotea vichache, mimi mwaka jana vilipotea vitatu, na rafu ikijaa vitabu visivyoguswa nayo ni hasara tu. Vya rejea peke yake ndo vibaki.

Kitu kidogo lakini kinaumiza kichwa: wakatazwe kurudisha kitabu kwenye rafu wenyewe. Waache mezani, viranja watarudisha. Kitabu kilichochomekwa pasipo pake ni sawa na kilichoibiwa.

Kama shule yako ina makabati mawili na vitabu havina namba, wala usisubiri. Kata manila za rangi, kijani sayansi, njano lugha, nyekundu historia, bandika mgongoni anza. Namba utaongeza taratibu, vitabu vingi vya nje vina namba ya Dewey imechapwa ndani nyuma ya ukurasa wa jina, na vingine nenda maktaba ya mkoa uone wao wamekipa namba gani.

Mwisho, usifanye zoezi hili wiki moja ukafunga. Tunajua fomu wani hawafiki wote Januari, kuna anayesubiri mzazi auze mahindi apate hela ya sare, anaingia Februari mpaka Machi, wenzake wameshazoea yeye anaona aibu kuuliza. Mi kila Ijumaa baada ya vipindi viranja wanapita madarasani kuokota wapya, hata akiwa mmoja, anaandika swali lake anazungushwa upya.