Ukiugua katikati ya utafiti
Wewe uliye Lamu ukikusanya data ya uzamili au uzamivu, ukiugua usinyamaze ukingoja upone. Andika barua ya kuahirisha masomo mapema, uambatishe ya daktari yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko. "Anahitaji kupumzika" pekee haitoshi. Yangu ilirudishwa kwa sababu hiyo, nikapanda tena boti ya kwenda Mokowe, bara, na homa yangu. Msimamizi akikwambia "pole, pumzika tu", shukuru, lakini hiyo si ruhusa: ngoja barua ya chuo. Nacho kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ni cha mwaka mmoja, hakijui kama unaumwa. Siku zake zaendelea kuhesabika. Mafundi wa majahazi uliopanga kuwahoji kule Matondoni wapigie simu, wasikungoje bure.