Pima kwa jua la Julai: mambo ya kuzingatia kabla ya kununua paneli za sola Arusha na Moshi

Anayefunga sola Januari hufurahi mpaka Mei. Januari na Februari jua linawaka tangu saa 2 asubuhi, betri inajaa kabla ya saa 7 mchana, na mwenye nyumba anaona kazi imekwisha. Halafu masika yanapita, unaingia ubaridi wa Juni na Julai, wingu zito linalala chini ya Meru mpaka saa 6 au saa 7, na friji inaanza kuzima usiku. Fundi anaitwa, betri inalaumiwa. Mara nyingi betri haina kosa, paneli ni chache kwa msimu huo. Hesabu yoyote ya sola mikoa hii ifanywe kwa jua la Julai, hata kama unanunua Januari.

Anza na daftari kabla ya duka. Andika kila kifaa, wati zake na saa kinazofanya kazi kwa siku. Chukua nyumba ya kawaida ya Sakina au Njiro: taa 8 za LED za wati 9 zikiwaka saa 5 zinatumia wati-saa 360. Televisheni ya wati 80 kwa saa 5 ni 400. Ruta ya intaneti ni wati 10 tu, lakini haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo ni 240. Hiyo husahaulika karibu kila nyumba. Simu nne zihesabie 60. Friji ndogo ya lita 150 iwekee 1,000, ila ukipata kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kiache siku nzima usome namba yenyewe, maana friji kuukuu yenye mpira wa mlango uliochoka inaweza kula mara mbili ya hapo. Jumla ni wati-saa 2,060.

Unachozalisha juu ya bati hakifiki chote kwenye taa. Joto, vumbi, waya, kontrola (inayosimamia kuchaji betri), betri yenyewe na inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi) kila kimoja kinakata chake. Gawanya 2,060 kwa 0.75, unapata kama 2,750. Sasa ndipo jua linapoingia kwenye hesabu. Saa moja ya jua kamili maana yake ni wati 1,000 za jua kwenye kila mita ya mraba kwa saa nzima, na siku yenye saa 12 za mwanga haikupi saa 12 za namna hiyo. Ukigawanya 2,750 kwa saa 5, kama wauzaji wengi wanavyofanya, unapata wati 550, yaani paneli moja kubwa. Ukigawanya kwa saa 3, ambayo ndiyo hesabu ya tahadhari kwa siku ya wingu, unapata wati 917, yaani paneli mbili. Paneli hiyo ya pili ndiyo inayokuvusha Julai.

Upungufu wa paneli ndio pia unaoua betri za risasi, ziwe za maji au za jeli. Betri ya risasi isiyojaa wiki baada ya wiki hujenga ukoko wa salfati kwenye sahani zake, na ukoko ukishakomaa hautoki tena. Kumbuka pia kwamba betri ya volti 12 ya ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi, lakini ukitaka idumu unatumia nusu tu. Ya lithiamu inaruhusu asilimia 80 na zaidi, na haiumii sana ikikaa bila kujaa. Kwa nyumba za upande wa mlimani tungeweka hela kwenye lithiamu kabla ya kitu kingine chochote cha kifahari.

Kuna kifaa kimoja kinachovuruga daftari lote: hita ya kuogea ya papo kwa papo. Inavuta kama wati 5,000. Watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja, hizo ni zaidi ya wati-saa 3,300, kuliko nyumba nzima tuliyoihesabu. Na kwa baridi ya Arusha hakuna atakayekubali kuoga maji ya bombani kwa ajili ya kuilinda betri yako. Iache hita kwenye TANESCO, au weka tangi la kupashia maji kwa jua, ambalo ni chombo kingine kabisa na hakihitaji paneli hizi. Pasi na birika la umeme navyo viache kwenye LUKU.

Mahali ulipo panabadilisha hesabu kuliko chapa ya paneli. Kibosho, Machame na Marangu, wingu na mvua ni vingi kuliko tambarare ya Mabogini au Himo, ingawa unaweza kushuka kutoka huku kwenda kule kwa daladala. Huko juu ongeza paneli. Huko chini jua lipo, ila joto linapunguza umeme: lebo ya paneli imeandikwa kwa joto la digrii 25 kwenye paneli yenyewe, wakati mchana wa Moshi mjini juu ya bati inaweza kufika 60. Kila digrii inayozidi hupunguza kama asilimia 0.35, hivyo paneli ya wati 550 inabaki na 480 hivi. Ndiyo sababu paneli isilazwe moja kwa moja juu ya bati. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 hewa ipite. Kisongo na pembeni mwa barabara za vumbi, tatizo ni kuosha, kwa hiyo hakikisha mtu anaweza kuzifikia bila kukanyaga bati ovyo. Maji matupu yanatosha, na ziwe hazijapata moto, asubuhi na mapema.

Paa nalo lina mwelekeo wake. Arusha na Moshi ziko kama digrii 3.4 kusini mwa ikweta, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Juni, saa 6 na nusu mchana, liko digrii 63 tu kutoka upeo wa macho, upande wa mlima. Mlima wenyewe haulizibi, kinachoziba ni wingu lake. Kwa hiyo paa linalotazama kaskazini kwa mwinamo wa digrii 10 hadi 15 linakusaidia katika miezi ileile ambayo jua ni haba, na mwinamo huo unatosha mvua kusukuma vumbi. Paa la kusini lenye mwinamo wa digrii 20 linapoteza karibu theluthi ya jua la moja kwa moja la mchana wa Juni. Kama huna upande wa kaskazini, chagua magharibi kuliko mashariki, kwa kuwa wingu la Julai mara nyingi hufunguka baada ya mchana.

Kabla ya kukubali mahali, panda juu mara tatu kwa siku moja: saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni, uangalie vivuli. Seli za paneli zimeungwa kama mnyororo, na paneli ya kawaida imegawanywa sehemu tatu, kila moja ikiwa na daiodi yake, yaani njia ya pembeni ya umeme kuikwepa sehemu yenye kivuli. Kivuli cha jani moja la mgomba kikifunika seli moja kinaweza kuzima theluthi ya paneli. Paneli zenye seli zilizokatwa nusu huvumilia zaidi, lakini hazifanyi muujiza. Kihambani angalia mti utakavyokuwa baada ya miaka mitano: mkaratusi na mgrevilea havisubiri. Angalia pia bomba la moshi la jiko la kuni. Masizi hayatoki kwa mvua.

Mzigo ni mzito kuliko unavyodhani. Paneli ya wati 550 ina urefu wa kama mita 2.28, upana mita 1.13, na uzito wa kilo 28 hivi. Bati la geji 30 halibebi. Kinachobeba ni papi na kenchi zilizo chini yake. Mwambie fundi atafute papi kwanza, afunge reli za alumini kwa skrubu zinazoingia kwenye mbao, na kila tundu liwe na washa yake ya mpira. Tundu lililozibwa kwa gundi ya silikoni pekee huvuja masika yanayofuata.

Sasa paneli yenyewe. Ile ya seli nyeusi za fuwele moja imeshaishinda ile ya bluu kwa ufanisi, na bei hazitofautiani vya kutosha kukufanya uhangaike. Zile zinazovuna jua pande zote mbili zina maana zikisimama juu ya ardhi nyeupe, si zikilala karibu na bati, kwa hiyo usilipie zaidi. Kazi kubwa ni kugundua lebo za uongo, na kipimo cha kwanza ni futi kamba. Paneli nzuri hutoa kama wati 200 hadi 230 kwa mita moja ya mraba. Zidisha urefu kwa upana. Ukiambiwa ni wati 300 na kipimo kinatoa mita za mraba 0.9, mwachie mwenyewe paneli yake.

Kipimo cha pili ni maltimita, mita ya kupimia volti na ampea, kwenye jua, nje ya duka. Nyuma ya paneli tafuta Voc, volti za paneli isiyounganishwa na kitu, na Isc, ampea zake ikifungwa yenyewe kwa yenyewe. Paneli ya wati 550 huwa na volti karibu 50 na ampea karibu 14. Volti peke yake hazitoshi, kwa sababu paneli mbovu huonyesha volti nzuri. Ampea ndizo zinazoumbua. Pima jua likiwa kali, na ukikuta ampea ni nusu ya lebo, hakuna maelezo ya muuzaji yatakayozirudisha. Kwa paneli za mtumba ongeza ukaguzi wa macho: mistari ya kahawia kama njia ya konokono, malengelenge kwenye karatasi ya nyuma, konekta zilizokatwa na kuungwa kwa solotepu.

Voc na Isc ndizo zinazochagua kontrola. Kontrola ya bei nafuu ya PWM, inayoishusha paneli hadi volti za betri, ikishika paneli ya wati 550 na kuchaji betri ya volti 12, inapitisha ampea 13 kwa volti 13, yaani kama wati 170. Zilizobaki umezilipia bure. Paneli kubwa inataka kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchaji. Na MPPT nayo ina mpaka wake wa volti. Paneli tatu za volti 50 zikiunganishwa kwa mfuatano ni volti 150 kwa digrii 25, na asubuhi ya Julai yenye digrii 10 zinapanda mpaka karibu 156. Kontrola yenye kikomo cha 150 inaungua siku jua linapochomoza wingu likiwa halipo, na dhamana haiilipi. Funga mbili kwa mfuatano.

Volti kubwa ina faida kwenye waya pia. Kama kutoka paneli hadi kontrola ni mita 15, umeme unasafiri mita 30 kwenda na kurudi. Kwenye waya wa milimita 4 za mraba, ampea 13 hupoteza kama volti 1.7. Kwenye mfumo wa volti 18 hiyo ni karibu sehemu moja ya kumi. Kwenye paneli mbili zenye volti 84 zikiwa kazini ni asilimia 2. Breka ziwe za DC, yaani za umeme wa mkondo mmoja wa paneli na betri, kwa kuwa cheche ya DC haizimiki yenyewe, na breka ya kawaida ya nyumbani huyeyuka ikijaribu kuikata. Fremu zote ziungwe kwenye ethi. Kama nyumba ina TANESCO, weka swichi ya kubadilishia ili umeme wako usirudi kwenye nguzo ambako kuna mtu anayefanya kazi akiamini hakuna umeme. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni ya EWURA.

Usichanganye paneli za ampea tofauti kwenye mfuatano mmoja; zote zitashuka hadi kiwango cha iliyo dhaifu. Ukijua utaongeza mbeleni, nunua ya ziada sasa, kwa sababu modeli hubadilika kila mwaka. Dhamana nayo ni mbili: ya kifaa, mara nyingi miaka 10 hadi 15, na ya uzalishaji, mara nyingi miaka 25. Zote zinadai namba ya paneli na risiti ya EFD. Piga picha lebo ya kila paneli ikiwa bado dukani. Ikishafungwa juu ya bati, lebo inatazama chini.