Namna ya Kuandaa Jalada la Jengo la Kale Mjini Moshi

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mji wa Moshi tunaoujua ulikua baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwaka 1911, kwa hiyo maduka yake yenye baraza na nguzo, hata yale yaliyokwisha kuona vizazi vinne, hayana kinga hiyo mpaka Waziri mwenye dhamana ayatangaze katika Gazeti la Serikali. Anayeandaa jalada la kuomba jengo litangazwe hivyo akumbuke kwamba umri peke yake hautamsaidia; atasaidiwa na ushahidi.

Kabla ya kugusa futikamba, tafuta mwenye nyumba. Mweleze kwamba kutangazwa kwa jengo lake hakumnyang'anyi umiliki, lakini pia usimfiche kwamba baada ya tangazo hataweza kubomoa wala kubadili jengo bila kibali. Jitambulishe kwa mtendaji wa mtaa, kisha fuatilia hati katika ofisi ya ardhi. Majengo mengi ya biashara yalitwaliwa na serikali kwa sheria ya mwaka 1971 iliyogusa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Usipouona mnyororo huo, utamwandika mpangaji wa muda mrefu kuwa ndiye mwenye mali.

Kupima kunahitaji watu wawili na subira. Funga mwanzo wa futikamba kwenye kona moja na usome vipimo vyote kutoka hapo bila kuiondoa, kwa sababu ukipima kipande kimoja kimoja na kujumlisha, makosa madogo hujikusanya. Kila chumba kipime pia kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, chumba hakijanyooka, nawe usikinyooshe kwenye mchoro. Unene wa ukuta usomwe mlangoni. Michoro ya kipimo cha 1:50, yaani sentimita moja ya karatasi kwa sentimita 50 za jengo, inatosha kwa duka la kawaida.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote ni kulisoma jengo lenyewe. Simama mbele ya dirisha ambalo lipu imebanduka: ukiona mawe yaliyoungwa kwa chokaa, na pembeni yake kiraka kigumu cha saruji ya kijivu, umeona nyakati mbili katika ukuta mmoja. Panda darini ukiwa na tochi utazame kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, na papi, yaani mbao zinazolala juu yake kushikilia bati, utenganishe mbao za awali na zile zilizoongezwa bati lilipobadilishwa. Angalia bawaba, komeo na nondo. Mwaka ulioandikwa juu ya paji la jengo uuandike ulivyo, na maandishi ya Kigujarati uyanakili kwa msaada wa anayeyasoma, lakini usiuchukulie mwaka huo kuwa wa jengo zima. Vyumba vya uani huenda vilifuata baadaye. Usiandike "la asili" mahali ambapo hukuona kwa macho yako.

Kwa picha, Moshi ina jambo lake. Upande unaotazama mlima, yaani kaskazini, hupigwa na jua kuanzia Aprili hadi Septemba, na upande wa kusini kuanzia Oktoba hadi Februari. Panga siku zako hivyo. Mimi niliwahi kurudia kazi ya siku mbili kwa sababu sikuandika kila picha ilitazama upande gani. Sasa huweka namba ya picha na mshale wake juu ya ramani ya sakafu palepale.

Maelezo ya umuhimu yaandikwe mwisho, yasizidi kurasa mbili, yakionyesha jengo lilitumikaje: nani aliuza nini mbele, familia ililala wapi nyuma, kahawa ilipitia mlango upi. Wazee wahojiwe mapema, na kila kauli iandikwe kuwa ni kauli. Peleka jalada Idara ya Mambo ya Kale pamoja na barua ya mwenye jengo, na umwachie mwenyewe nakala kamili.