Somo: Kuandaa mradi wa jua au upepo Kanda ya Kati hadi mwekezaji wa nje aweke fedha

Habari za kazi, wanachama. Somo hili limeombwa na wengi, hasa ninyi mlioko halmashauri za Dodoma na Singida, na wenye kampuni ndogo za umeme jua mnaotafuta mbia kutoka nje. Niseme mapema jambo ninaloliamini kuliko yote: mwekezaji wa nje hakosi jua. Jua analipata Misri, Zambia, Afrika Kusini, popote. Anachotafuta ni mradi ambao majibu yake yapo tayari: nani atanunua umeme, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na asipolipwa itakuwaje. Brosha nzuri na hotuba za kongamano hazijibu maswali hayo. Kwa hiyo tunaandaa mradi kwanza, mwekezaji tunamtafuta baadaye. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Hatua ya 1: Pima kilichopo

Anza na ramani za bure za Global Solar Atlas na Global Wind Atlas, zilizotengenezwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Zitakuonyesha kwa nini Dodoma na Singida zinatajwa sana: mvua ni ya msimu mmoja, mawingu ni machache, na upande wa Singida upepo unavuma vizuri juu ya uwanda. Lakini ramani ni ya kuchagulia eneo tu. Kwa upepo, mkopeshaji atataka vipimo vya mnara uliosimama hapo hapo kwa miezi 12 au zaidi, ukirekodi kasi na mwelekeo katika urefu tofauti. Kwa jua, takwimu za setilaiti hukubalika zaidi, ila kituo kidogo cha kupimia ardhini hupunguza mabishano. Tunza takwimu ghafi zote. Mhandisi wa benki hatakubali wastani ulioukokotoa mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua umeme utaingilia wapi

Watu wanakimbilia ardhi, wanasahau waya. Kanda yetu imebahatika: njia ya msongo wa kilovoti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, kilomita 670, imepita katikati yetu. Zuzu, Dodoma, kuna kituo kikubwa cha kupoza umeme, na kutoka Singida ipo njia inayotuunganisha na Kenya. Hata hivyo, kuona nguzo kubwa zikipita juu ya shamba lako hakuna maana kwamba unaweza kuingiza umeme hapo. Unaingilia kwenye kituo, na kituo lazima kiwe na nafasi. Iandikie TANESCO mapema, eleza ukubwa wa mradi na eneo, omba utafiti wa kuunganisha kwenye gridi.

Jirani zetu Kenya walilipia somo hili. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme ilikuwa bado. Umeme uliingia gridi Septemba 2018, na kwa kuwa mkataba uliweka hatari ya kuchelewa kwa njia upande wa serikali, fidia ililipwa kwa mitambo iliyokuwa haijauza hata uniti moja.

Hatua ya 3: Ardhi, na hapa usiharakishe

Megawati 10 za jua zinahitaji takriban hekta 15 hadi 20. Sehemu kubwa ya ardhi inayofaa huku kwetu ni ardhi ya kijiji, iliyo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mgeni hamilikishwi ardhi ya kijiji. Ni lazima ihamishwe kwanza iwe ardhi ya jumla, kisha apewe haki ya kuitumia kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, uamuzi wa kuridhia uhamisho ni wa mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, ni wa Waziri. Mwenyekiti wa kijiji peke yake hawezi kukupa ardhi, hata akiwa na mhuri. Halmashauri ya kijiji nayo inapendekeza tu.

Nataka muone jinsi wakili wa mwekezaji anavyosoma karatasi. Anafungua muhtasari wa mkutano mkuu. Anatazama tarehe ya tangazo na tarehe ya mkutano. Anahesabu majina ya waliohudhuria, sahihi na alama za dole gumba, kisha anauliza idadi ya wakazi wenye miaka 18 na zaidi ili ajue akidi. Anatafuta majina ya wanawake. Anatafuta mahali palipoandikwa ukubwa wa eneo, na kama namba hiyo inalingana na ramani ya upimaji. Anauliza wafugaji walikuwa wapi siku hiyo, maana Manyoni au Bahi eneo linaloonekana tupu mwezi wa nane ni malisho mwezi wa pili. Kurasa tatu zilizoandikwa kwa kalamu na mtendaji wa kijiji zinaweza kusimamisha mamilioni ya dola. Basi mtendaji asaidiwe kuziandika vizuri, na wananchi waelezwe ukweli wote, pamoja na mambo ambayo mradi hautawaletea.

Kenya tena: mradi wa upepo wa Kinangop, megawati 60, ulifutwa 2016 baada ya upinzani wa wakazi kuhusu ardhi, ingawa fedha zilikuwa zimepatikana. Na kwa mradi ule wa Ziwa Turkana, mahakama mwaka 2021 iliamua kwamba hati za ardhi hazikupatikana kwa utaratibu sahihi, miaka mitatu baada ya mitambo kuanza kuzalisha. Mwekezaji yeyote makini anazijua kesi hizi.

Hatua ya 4: Mnunuzi na mkataba

Huu ndio moyo wa mradi. Kwa Tanzania Bara mnunuzi wa umeme wa gridi ni TANESCO, na bei pamoja na mkataba hupitiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kwa miradi midogo, isiyozidi megawati 10, kuna utaratibu maalumu wenye mkataba wa mfano ulioandaliwa tayari, na hiyo inaokoa fedha nyingi za mawakili. Ndiyo maana huwa nashauri anayeanza aanzie hapo.

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako. Mradi wa jua wa megawati 10, ukifanya kazi kwa asilimia 20 ya uwezo wake kwa mwaka, unazalisha uniti milioni 17.52. Ukiuza kila uniti kwa senti 7 za dola, mapato ni dola 1,226,400. Toa uendeshaji, tuseme 200,000. Zinabaki 1,026,400. Ujenzi umegharimu dola milioni 10, na milioni 7 kati ya hizo ni mkopo wa miaka 12.

Riba ikiwa asilimia 9, marejesho ya mwaka ni karibu dola 978,000. Mwenye hisa anabakiwa na 48,000 hivi kwa milioni 3 alizoweka. Hakuna atakayekubali. Riba ikishuka hadi asilimia 6, marejesho ni karibu 835,000. Nafuu, ila benki nyingi hutaka fedha iliyopo izidi marejesho kwa asilimia 30 hivi, na hapa imezidi kwa 23 tu. Refusha mkopo hadi miaka 15 kwa riba hiyo hiyo: marejesho yanashuka hadi karibu 721,000, na mradi unapita bila bei ya umeme kupanda hata senti.

Mnaona? Riba na muda wa mkopo vinaamua bei kuliko ukali wa jua la Dodoma, na vyote viwili hufuata hatari anayoiona mkopeshaji. Kila hatari tunayoiondoa kwenye makaratasi inamrudia mwananchi kama umeme wa bei nafuu. Zambia walilithibitisha hilo 2016: walipotangaza zabuni ya jua wakiwa na mikataba iliyokwisha kuandaliwa na dhamana ya Benki ya Dunia nyuma yake, bei ya chini ilifika senti 6.02.

Hatari inayosumbua zaidi ni sarafu. Mkopo ni wa dola, wateja wa TANESCO wanalipa kwa shilingi. Dola iliyokuwa takriban shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilipita 2,600 kufikia katikati ya 2024. Mkataba lazima useme wazi nani anabeba tofauti hiyo. Na kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zimezuia kutoza na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani, kipengele hiki kiandikwe na wakili anayezijua vizuri.

Hatua ya 5: Vibali

Nitapita haraka kwa sababu orodha zipo ofisini, na ofisi nyingi ziko hapa hapa Dodoma. Sajili kampuni ya mradi huo tu BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Tathmini ya athari kwa mazingira inakwenda NEMC, baraza la mazingira. Leseni ni EWURA. Uzalishaji ulio chini ya megawati 1 hauhitaji leseni kamili, unasajiliwa. Kwa vivutio vya uwekezaji, jueni kwamba TIC (kituo cha uwekezaji) na EPZA (mamlaka ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje) zimeunganishwa mwaka 2025 kuwa TISEZA.

Hatua ya 6: Sasa tafuta fedha

Usianze na benki kubwa za biashara. Wanaoingia mapema katika nchi kama yetu ni taasisi za fedha za maendeleo: IFC ya Kundi la Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Norfund ya Norway, FMO ya Uholanzi, Proparco ya Ufaransa, British International Investment ya Uingereza. Mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50, unafadhiliwa kwa mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa kwa serikali. Njia hiyo ni tofauti na yetu, lakini inaonyesha nani tayari anaijua nchi yetu. Hatari za kisiasa na za kuchelewa kwa malipo zinaweza kukatiwa bima MIGA ya Kundi la Benki ya Dunia, au ATIDI, taasisi ya bima ya nchi za Afrika. Ulizia mapema, maana huwafanyi wakubali ndani ya wiki mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Manyoni: Mwalimu, upepo wa Singida tumeusikia tangu tukiwa shule. Mbona hakuna kinachozunguka?

Upepo upo, mkuu. Imezungumzwa miradi ya megawati 100 na 50 kwa miaka mingi. Kilichokwama ni hatua ya nne: bei, mkataba na dhamana. Waliotangulia kuzalisha ni Mwenga, Mufindi, kwa megawati 2.4 tu. Tayari walikuwa na mtambo wa maji wa megawati 4 na wateja wao vijijini, kwa hiyo upepo uliingia kwenye biashara inayotembea.

Mwanachama, Dodoma mjini: Tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Jua la nini tena?

Swali zuri, na mwekezaji atakuuliza hilo hilo. Bwawa limetupa umeme mwingi, ila limetufanya tutegemee maji zaidi, na mgao wa mwishoni mwa 2022 uliletwa na ukame. Jua likizalisha mchana, maji yanabaki bwawani kwa ajili ya jioni. Lakini usitegemee TANESCO isaini kwa sababu jua lipo. Onyesha unapunguza tatizo gani kwenye kituo gani.

Mwanachama, Kondoa: Kaka, mimi nafikiria gridi ndogo ya kijiji. Mgeni ataweka fedha?

Dada yangu, ataweka kwa tahadhari. Mwaka 2020 ilielekezwa bei za gridi ndogo zishuke hadi shilingi 100 kwa uniti, sawa na anayolipa mtumiaji mdogo wa TANESCO. Kwa mwananchi ilikuwa nafuu kubwa, lakini gharama za kampuni zilikuwa juu ya hapo na hakukuwa na aliyeziba pengo. Wawekezaji wanaikumbuka. Andaa hesabu inayoonyesha ruzuku ya REA, wakala wa nishati vijijini, inaziba kiasi gani, na kipengele cha nini kinatokea gridi ya taifa ikifika kijijini.

Mwanachama, Bahi: Sisi halmashauri hatuna bajeti ya minara wala wanasheria. Tufanye nini?

Mna kitu ambacho kampuni haiwezi kununua. Kamilisheni mipango ya matumizi bora ya ardhi kwa vijiji vilivyo karibu na vituo vya umeme, mkitenga malisho na njia za mifugo wazi. Kisha teueni afisa mmoja ambaye kila anayeulizia mradi anapelekwa kwake.

Mwanachama, Mpwapwa: Kuna mtu anasema anawakilisha mfuko wa Ulaya, anataka tumlipe ada ya uwezeshaji kwanza.

Msimlipe. Mwenye fedha ndiye anayegharamia uchunguzi wake, hamtozi anayempa mradi. Mwambieni alete hesabu za mfuko zilizokaguliwa na mradi mmoja unaozalisha sasa hivi, kisha muiandikie wenyewe kampuni inayonunua umeme wa mradi huo, kwa anwani mliyoitafuta ninyi. Na msisaini barua yoyote ya kumpa haki ya pekee ya mradi kabla hamjapata jibu.